Tovil: mgonjwa ndiye mtazamaji

Tovil ni jina la jumla la ibada za uponyaji za Wasinhala wa Sri Lanka. Hufanyika nyumbani kwa mgonjwa, tangu magharibi mpaka jua lichomoze, kwa ngoma, nyimbo, dansi, sadaka na vinyago, ili kumfungua mtu aliyedhuriwa na viumbe waitwao yaka. Kitovu chake ni ukanda wa kusini na kusini-magharibi mwa kisiwa, kuanzia Bentota na Ambalangoda hadi Galle na Matara. Maana ndiyo hiyo, haina ugumu.

Kinachoniudhi ni yale yanayoandikwa chini ya picha zake. Mtu akiweka picha ya kinyago chenye macho yaliyotumbuka na meno nje, lazima aandike "ngoma ya mashetani". Jina hilo lilienezwa na Waingereza enzi za ukoloni, na biashara ya utalii ikalirithi bila kuliuliza. Kisha wachangiaji hugawanyika pande mbili. Wa kwanza wanasema hapo shetani anatolewa mwilini mwa mtu. Wa pili wanasema hakuna kitu, ni maigizo tu. Wote wamekosea, ila hawa wa pili wananisikitisha zaidi, kwa sababu wameligusa jambo lenyewe halafu wakaliacha likawaponyoka.

Tuanze na yaka. Huyu si Shetani wa misahafu, adui aliyemwasi Mungu. Wasinhala wengi ni Wabudha, na katika mpango wao wa ulimwengu yaka ana daraja lake, la chini kabisa. Juu yake yuko mfalme wake, Vesamuni. Juu zaidi ni miungu. Na juu ya wote ni Buddha. Yaka ana kibali cha kuwaletea watu maradhi na kupokea sadaka ili awaachie, lakini kibali hicho kina mipaka. Basi tovil haiendi kupigana naye vita. Inaenda kumkumbusha kwamba naye ana wakubwa wake na ana masharti aliyoyakubali.

Hata namna anavyodhuru haifanani na tunavyofikiria. Husemwa kwamba yaka humkamata mtu kwa jicho lake, disti, na humwona kirahisi zaidi anapokuwa peke yake: kwenye njia panda, karibu na makaburi, saa za adhuhuri au usiku wa manane. Hali hiyo ya upweke ina jina lake, tanikama, na huhesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mgonjwa hujitenga, huota ndoto mbaya, hali chakula, hasemi na watu. Kwa hiyo jirani wanaojaa kwenye kiwanja cha nyumba usiku ule hawakuja kutazama ya watu. Kuwepo kwao ni tiba, maana huwezi kumtoa mtu kwenye upweke ukiwa umemfungia chumbani na mganga.

Msomaji wa pwani yetu anayejua kupunga pepo huteleza hapa. Kwenye kupunga, pepo humpanda mgonjwa kichwani, mgonjwa ndiye kiti, na pepo husema kwa kinywa chake, akataja jina lake na anachodai. Kwenye tovil, mgonjwa anaweza kupandisha na kutetemeka, hasa saa za manane. Lakini anayevaa sura ya yaka, akatembea na kusema kama yeye, ni edura, yaani mganga, au mmoja wa wenzake. Mgonjwa, aturaya kwa lugha yao, amekaa kwenye mkeka anatazama. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya tovil kuwa tovil, na ndiyo inayopotea kila tunapoiita "kupunga pepo kwa Wasinhala".

Chukua sanni yakuma, aina ya tovil inayopigwa picha kuliko zote. Jina sanni linatokana na sannipata, istilahi ya tiba ya Ayurveda inayotaja kuvurugika kwa pamoja kwa upepo, nyongo na kohozi mwilini. Yaka wa sanni ni kumi na wanane, daha ata kwa Kisinhala, na kila mmoja ana ugonjwa wake. Kora Sanniya ni kiwete. Kana Sanniya ni kipofu. Bihiri Sanniya ni kiziwi, Golu Sanniya ni bubu, na Naga Sanniya, mwenye swila usoni, huja na ndoto za nyoka. Orodha hubadilika kidogo toka ukoo mmoja wa waganga hadi mwingine, na si lazima wote kumi na wanane waingie usiku mmoja.

Mkubwa wao ni Kola Sanniya, na kisa chake ni kizito. Mfalme mmoja wa mji wa Visala, huko India ya kale, aliaminishwa kwamba malkia wake si mwaminifu, akaamuru auawe akiwa mjamzito. Mtoto akazaliwa kutoka kwenye maiti ya mama yake, akaishi kwa kuila nyama yake. Alipokua alikusanya sumu, akazifinyanga madonge kumi na manane, yakawa yaka kumi na wanane, akaenda nao kuuangamiza mji wa baba yake kwa maradhi. Ni Buddha aliyefika Visala na kumtiisha. Mapokeo ya Kibudha yanaihusisha ziara hiyohiyo na Ratana Sutta, ambayo watawa huisoma hadi leo kuomba kinga. Ukimtazama Kola kwa kisa hiki huoni tena zimwi la kutishia watoto. Unamwona mwana aliyedhulumiwa kabla hajazaliwa, na dhuluma ile ikageuka ugonjwa wa mji mzima.

Sasa usiku wenyewe. Jioni aturaya anaketi mkekani, mbele yake pamejengwa vibanda na vichanja vya sadaka kwa makuti machanga ya mnazi. Kuna wali, maua, tambuu, na jogoo aliyefungwa miguu amelazwa kando. Sadaka hupelekwa karibu na uso wa mgonjwa kisha huondolewa, ili madhara yaende nazo. Ikifika manane, yak bera, ngoma ndefu inayopigwa kwa mikono pande zote mbili, inaongeza kasi. Edura wanazunguka na mienge, wanarusha unga wa utomvu mkavu juu ya moto, mwali unalipuka na nyuso zote kiwanjani zinaonekana kwa mara moja, kisha giza linarudi. Hapo ndipo hofu ya mgonjwa inapotolewa nje, ikawekwa mbele ya macho yake na ya jirani zake.

Alfajiri inapokaribia, mambo yanageuka. Wale yaka wa kutisha wanaanza kuingia mmoja mmoja na vinyago vyao, nao ni wa kuchekesha. Kiziwi anaulizwa hili anajibu lile. Kipofu anapapasa, anamshika mpiga ngoma akidhani ni kitu kingine. Mwingine anajigamba kwamba amekuja kumla mgonjwa, mpiga ngoma anambana kwa maswali, anamtajia Buddha, naye anashtuka na kuanza kuomba kijizawadi tu aende zake. Maneno mengine ni machafu, na wazee wanacheka sawa na watoto. Wakati wote huo watu wanamwangalia aturaya. Akicheka, kila mtu anaona. Yule aliyekuwa akimwona yaka peke yake, gizani, sasa anamwona pamoja na watu wote na anamcheka pamoja nao. Yaka amerudi kwenye daraja lake, na mgonjwa amerudi kwa wenzake.

Ndiyo maana neno "maigizo tu" linanikera. Lile "tu" linachukulia kwamba uigizaji ni urembo uliobandikwa juu ya tiba, au hila ya kumdanganya mgonjwa. Hapa uigizaji ndio unaofanya kazi. Ondoa kinyago, majibizano na kicheko cha jirani, na hakuna kitakachobaki cha kumtibu mtu huyu kwa namna hii.

Wasinhala wenyewe hawachanganyi. Wanayo kolam, michezo ya vinyago inayojulikana sana Ambalangoda, yenye mfalme na malkia, askari na dobi, ya kufurahisha na kukejeli wakubwa, haina mgonjwa. Wanayo nadagam, tamthilia ya kuimbwa, na Ediriweera Sarachchandra alipoandaa mchezo wake Maname mwaka 1956, mwanzo mpya wa tamthilia ya Kisinhala, aliujenga juu ya nadagam, ingawa ibada za uponyaji alizichunguza na kuzijua vizuri. Ufundi unaweza kufanana, vinyago vinaweza kuchongwa na fundi yuleyule kwa mti uleule wa kaduru. Kinachotenganisha ni nani ameketi mkekani, na amekuja kwa shida gani.

Kwa hiyo ukikutana tena na kinyago cha macho yaliyotumbuka, ulizia kwanza. Kama kilitoka nyumbani kwa mgonjwa, andika sanni yakuma, aina mojawapo ya tovil. Kama ni cha mfalme au askari, huenda ni kolam. Na kama ni dakika ishirini za dansi mbele ya wageni hotelini, andika "ngoma za sanni jukwaani". Si kosa kuzifurahia. Wachezaji wengi wa pale wamefundishwa na baba zao walio edura. Ila aturaya hayupo, na wao wanajua kwamba hayupo.