Alama zikishuka, si lazima mgonjwa awe amerudi nyuma

Familia nyingi zinazomuuguza mtu aliyepata kiharusi huamini kwamba alama za fomu ya mazoezi ya viungo ni kama kilo za mizani: zikishuka, hali imekuwa mbaya.

Namba huonekana kamili, kweli. Lakini chukua kipimo cha Barthel, fomu ya kupima jinsi mgonjwa anavyojihudumia katika shughuli za kila siku, chenye vipengele 10 na jumla ya alama 100. Kuhama kitandani hadi kwenye kiti peke yako ni alama 15. Ukihitaji msaada kidogo, 10. Mtaalamu mmoja aliuliza tu kuhusu mzee fulani, "Anaweza?" akajibiwa ndiyo: 15. Mwingine alimtazama mzee huyo akihama asubuhi, binti yake kamshika kiwiko: 10. Mzee ni yuleyule. Kipimo hiki huandika anachofanya mgonjwa, si anachoweza kufanya, na hapo wapimaji huweza kupishana.

Dawa yake ni maelekezo ya aina moja, na wapimaji wawili kumpima mgonjwa mmoja, kila mtu kivyake, kisha kulinganisha.

Nawe uliza: nani alipima, alitazama au aliuliza, saa ngapi? Linganisha kipengele kwa kipengele. Ila mkono ukilegea ghafla au usemi ukivurugika, mwahisheni hospitali bila kusubiri fomu.