Je, wajua kwa nini watu wa asili fulani hukamatwa na polisi zaidi ya wengine?

Barazani kwetu Wete, baada ya alaasiri, kijana mmoja alitusomea kwenye simu hesabu iliyozua mabishano mpaka kahawa ikapoa ndani ya dele. Marekani, watu weusi ni kama 13 katika kila watu 100. Lakini katika kila 100 waliokamatwa mwaka 2019, weusi walikuwa zaidi ya 26. Kijana akauliza: "Sasa ami, hapo si kuna jambo katika damu?"

Aliyeulizwa ni mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki, tangu ujana wake. Akamjibu kwa swali: "Nikitega madema yote mwamba mmoja, nikarudi na tasi watupu, utasema bahari haina changu?"

Ami hajawahi kusoma ripoti yoyote ya polisi, lakini kashika kamba penyewe. Hesabu ya waliokamatwa haihesabu makosa. Huhesabu makosa yaliyokutana na askari. Lililotendeka asikopita askari, au alikopita akafumba macho, halimo daftarini.

Tazama bangi. Mwaka 2013, shirika la kutetea haki za raia la ACLU lilionesha kuwa Wamarekani weusi na weupe huvuta kwa viwango vinavyokaribiana, ila uwezekano wa mweusi kukamatwa nayo ulikuwa takriban mara 4 ya ule wa mweupe. Anayevuta chumbani kwake nyuma ya pazia haonekani. Anayevuta kibarazani, mtaa ambao gari la polisi hupita mara tano kwa siku, huyo keshaingia demani. New York nayo ilikuwa na mtindo wa kusimamisha wapita njia na kuwapapasa: mwaka 2011 pekee watu walisimamishwa zaidi ya mara 680,000, wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini na Karibiani, na karibu 9 katika kila 10 waliachiwa waende zao bila kukamatwa wala kupewa hati ya faini. Mwaka 2013 jaji Shira Scheindlin aliamua kuwa namna mtindo ule ulivyotumika ilivunja katiba.

Utajuaje basi kama askari anatazama kosa au anatazama sura? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa na hila nzuri, na mimi naipenda kwa sababu inatumia jua. Kwetu saa ya Magharibi, jua linapozama, haisogei sana mwaka mzima. Kule, saa moja ya jioni huwa bado mchana wakati wa kiangazi, na kiza totoro wakati wa baridi. Wakachukua saa ileile, barabara zilezile, wakalinganisha madereva waliosimamishwa kukiwa na mwanga na waliosimamishwa gizani, asipoweza askari kuiona vizuri rangi ya dereva. Katika matokeo yao ya mwaka 2020, yaliyopitia kumbukumbu za magari milioni 95 hivi, sehemu ya madereva weusi ilipungua giza lilipoingia. Magari hayakubadilika mwendo. Kilichobadilika ni macho.

Hapa lakini nitamkatisha ami, maana dema halielezi yote. Maiti haifichiki kama bangi. Marekani zaidi ya nusu ya wanaouawa ni weusi, na hao hawakuhesabiwa kwa upendeleo wa askari. Mauaji yapo kweli, tena yanawaumiza kwanza majirani wenyewe. Kwa nini yarundikane huko?

Jibu linalonishawishi zaidi ni la zamani, la wanasosholojia Clifford Shaw na Henry McKay, waliochora ramani za Chicago wakionesha walikotoka watoto waliofikishwa mahakamani, na kitabu chao kikatoka mwaka 1942. Mitaa iliyokuwa na kesi nyingi ilikuwa ileile, kando ya viwanda na reli, muongo baada ya muongo. Waliokaa humo ndio waliobadilika: walikuwapo Wajerumani na Waayalandi, wakaja Waitaliano na Wapolandi, kisha weusi kutoka kusini. Kila kundi lilipopata riziki likahama, na lilipohama likaacha sifa mbaya nyuma yake. Watu waliondoka, hesabu ikabaki mtaani. Kama ingekuwa damu, ingehama nao.

Tofauti ni kwamba weusi mlango wa kuhamia ulifungwa. Miaka ya 1930 taasisi ya serikali kuu ilichora ramani za mikopo ya nyumba, na mitaa yao ikapakwa rangi nyekundu, maana yake fedha zisipelekwe huko. Mtaa ukikosa mkopo hukosa duka, ukikosa duka hukosa kazi, na vijana wasio na kazi hushinda nje, ambako ndiko gari la polisi linakopita.

Kijana wetu hakukata tamaa. "Na huyo mweusi, nani kamwandika mweusi?" Swali zuri kuliko la kwanza! Mara nyingi ni askari mwenyewe, kwa kumtazama tu. Na sisi Wazanzibari tunajua asili inavyoyeyuka kwenye karatasi. Sensa ya mwaka 1924 iliandika Waswahili zaidi ya 30,000. Ya mwaka 1931 ikawakuta elfu mbili na kidogo. Hawakufa. Jina lilikuwa limenuka utumwa, watu wakajiandikisha kwa majina mengine, wengi wakawa Washirazi.

Tanzania sensa haijauliza kabila tangu mwaka 1967, kwa hiyo usitafute hapa jedwali kama lile la simuni. Shaka lakini haihitaji jedwali. Baskeli ikipotea mtaani, mara ngapi wa kwanza kutajwa ni "yule wa bara"? Barazani pakawa kimya kidogo, kwa sababu wiki iliyopita tulimtaja.

Ufaransa nayo haiweki takwimu za asili za waliosimamishwa, na hilo halikuwazuia watafiti. Katika utafiti uliotoka mwaka 2009 walisimama vituo vya Paris, Gare du Nord na Châtelet, wakahesabu kwa macho nani anapita na nani anasimamishwa. Mweusi alisimamishwa mara 6 ya mweupe, Mwarabu zaidi ya mara 7, na nguo za ujana nazo zilimponza mtu. Ami akauliza ilihitaji mashine gani. Nikamwambia kalamu na miguu ya kusimama. Akasema Forodhani, jioni papasi, wale wanaowafuata watalii, wanapokutana na askari, hata kiti cha kukalia kipo.