Samaki ya bongo: vile tunajidanganyaka juu ya manda

Nianze na jina, juu wasomaji wa mbali watachanganyikiwa. Huku kwetu Lubumbashi bongo si akili, bongo ni uongo. Samaki ya bongo ni jina ambalo papa (yaani mzee) mwenye bwato, mtumbwi wake, kule Kasenga kando ya mto Luapula, alizipa zile samaki zangu za plastiki, zile zenye ndobo (ndoana) za meno matatu tumboni, unazitupa majini halafu unazivuta zikitingishika kama kasamaki kagonjwa na manda, yule samaki mwindaji mwenye meno makali, anazirukia akidhani amepata chakula. Jua halijapanda hata vizuri alikuwa ameshaniambia: "Mwanangu, umekuja na samaki ya bongo, na kichwa nacho umekijaza bongo." Nilicheka. Kufika jioni nilikuwa sicheki tena, kila kitu nilichobeba kichwani kutoka mjini kilikuwa kimenigharimu.

Bongo ya kwanza ilikuwa inanuka. Batu wa kazini waliniapia kwamba bila damu manda haji, eti anasikia harufu kama mamba, basi nikanunua maini ya ng'ombe, nikayafunga kwenye sashe (mifuko ya plastiki) mbili, na kutoka Lubumbashi mpaka Kasenga ni zaidi ya kilomita 200, vumbi na joto, mama mmoja nyuma yangu kwenye gari aliziba pua na kitambaa safari nzima na mimi nikajifanya sijui inatoka wapi. Papa aliitupa sashe nje hata bila kufungua. Sasa, si kwamba nyama haimpati manda, wako wanaomloba (wanaomvua kwa ndobo) kwa vipande vya samaki na anakula. Ila haimlazimu, kwa sababu huyu anawinda kwa macho, tena mchana. Mwaka 2011 kule Afrika Kusini, kwenye bwawa la Schroda karibu na Mapungubwe, watafiti waliona manda (kule ni jamii ileile, Hydrocynus vittatus) wakiruka nje ya maji na kukamata mbayuwayu wakiwa wanapita angani! Ndege anayeruka hana damu ya kunusa. Manda aliona kitu kidogo kinakimbia, basi, akakifuata, na ndiyo maana samaki ya bongo ikisimama hakuna anayeijali lakini ukiivuta kwa kushtuka-shtuka inapigwa.

Kutoka hapo unaelewa pia kwa nini ile ya "ngojea mvua ndjo samaki wengi" haifai kwa kuloba namna hii. Mvua inaleta udongo, Luapula inakuwa kama chai ya maziwa, na mwindaji wa macho anabaki kipofu. Miezi ya baridi, sita na saba, anakuwa mzito, hataki kukimbiza kitu. Joto la Septemba na Oktoba kabla mvua haijashika, maji yamepungua na bado yana mwangaza, hapo ndipo. Na ng'ambo ya mto ni Zambia, kule wanafunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae, kwa hiyo usiende na fimbo yako ya kulobea mwezi wa Krismasi ukidhani mto hauna mwenyewe.

Haya, nailoni. Fundi mmoja sokoni aliniuzia nailoni nene kama tambi, akasema hii hata mamba haikati. Pigo la kwanza: fimbo iliinama, mulineti (kile kigurudumu cha kukunjia nailoni) ikalia, nikahesabu labda tatu, halafu hakuna kitu, uzito umekwisha. Nilivuta nailoni yangu nikaangalia mwisho wake, haikuwa imevutika wala kufumuka, ilikuwa imekatwa pembeni, safi, kama umetumia wembe mpya. Samaki ya bongo nzuri kuliko zote imekwenda. Meno ya manda yako nje hata akifunga mdomo, yamechongoka, ya juu yanaingia katikati ya yale ya chini, kwa hiyo unene wa nailoni haumzuii, kinachotakiwa ni waya mbele ya ndobo, shibiri moja na nusu inatosha. Papa hakuwa na waya wa dukani. Alitoa kipande cha kable ya freni ya kinga (baiskeli, kwa nyie wengine), akaifumua kwa meno yake mwenyewe mpaka akapata nyuzi tatu nyembamba, akazisokota pamoja juu ya paja, akafunga. Dakika tano. Waya ule ulibaki mzima mpaka jioni.

Lakini waya haukuniokoa na bongo kubwa kuliko zote, ile ya kwamba akishapiga, ni wako. Siku ile nilipigwa mara tisa. Ndani ya bwato waliingia wawili. Na si bahati mbaya, mdomo wa manda ni mfupa karibu wote, nyama ya kushika ndobo ni kidogo sana, ni sawa na kujaribu kupigilia msumari kwenye sahani, kwa hiyo ndobo inakaa tu pembeni ya meno ikingoja nafasi ya kutoka. Na nafasi anaitengeneza mwenyewe: anaruka. Anatoka nje ya maji mwili mzima, anatikisa kichwa kushoto kulia, samaki ya bongo inalia tch-tch-tch hewani, na wewe pale unafanya kile ulichoonyeshwa kwenye video, unainua fimbo juu kabisa kama bendera, yaani unamsaidia kuruka. Nailoni inalegea nusu sekunde tu na plastiki inarudi ikikuelekea usoni. Papa alinipigia kelele, "Chini! Weka chini, pembeni!" Fimbo ikilala karibu na maji, nailoni imekaza muda wote, anapata shida ya kupanda. Halafu ndobo. Nilikuwa najua ni kali kwa sababu ni mpya, yeye alijaribu moja kwenye ukucha wa kidole gumba, ikateleza. Ndobo kali haitelezi, inakwama kwenye ukucha. Tulikaa chini ya matete tukizinoa moja moja na tupa aliyokuwa nayo kwenye kopo la misumari, na wawili wale niliowapata walikuja baada ya hapo, wote wawili.

Mengine nitayapita haraka. Eti usiongee ndani ya bwato: sauti ya mdomo karibu yote inagonga juu ya maji na kurudi, unaweza kusimulia mpira toka asubuhi, ila ukiangusha kafi ama ukigonga ubao na kisigino hiyo wanaisikia vizuri sana. Eti wakubwa wako katikati kwenye kina: tulizunguka katikati nusu asubuhi tukichoma esansi (petroli) bure, kumbe tulipigwa pale kijito kinapoingia, kwenye mstari ambapo maji ya kukimbia yanapakana na maji yaliyotulia, huko visamaki vidogo vinasukumwa na manda anangojea kula bila kuchoka. Eti manda asiye na meno ni mzee: hapana, anabadilisha meno seti nzima, mapya yanakuwa tayari ndani ya ufizi. Eti manda anakula batu: aliyekatwa siku ile ni mimi, nikiwa ndani ya bwato, nikimtoa ndobo kwa vidole wakati koleo iko mbele yangu. Hatari ya kweli pale ni mamba, kwa hiyo mkono usining'inie majini ukisubiri.

Na ile ya mbenga naomba iishe. Kila mtu anayerudi Kasenga anasema ameona manda wa kilo hamsini. Huyo anayemfikiria ni mbenga, Hydrocynus goliath, ndugu yake mkubwa, na yeye anakaa mito ya Kongo na Lualaba, na maziwa ya Upemba na Tanganyika, si Luapula. Mbenga wa rekodi aliyelobwa kwa fimbo alikuwa na kilo 44, Kinshasa, mwaka 1988. Manda huyu wetu rekodi yake ni kilo 16 na kidogo, tena ilitoka ziwa Kariba mwaka 2001. Wangu mkubwa alikuwa na kilo mbili, mizani ya mama wa sokoni, na nilitetemeka mikono vilevile.

Mimi nilitaka yule mdogo kati ya wale wawili arudi majini, nilikuwa nimesoma namna ya kumshika, mdomo wake ukielekea mkondo, mpaka apate pumzi, juu huyu samaki anapigana mpaka anaisha kabisa na ukimtupa tu anageuka tumbo juu. Papa aliniangalia kwa huruma. "Umetoka Lubumbashi kuja kumrudisha?" Basi tukamla. Wanasema manda ni mifupa tu, haliki, na kweli mifupa iko mingi, lakini bibi yake papa (mke wake) alimlaza ubavu akamchanja na kisu kikali mistari ya karibu-karibu kama kitana, mpaka unasikia kr-kr-kr mifupa ikikatika, chumvi, mafuta ya moto sana, na kile kinachobaki unakitafuna pamoja na bukari (ugali) hata hukijui.

Samaki ya bongo moja iliyobaki nilimwachia, rangi yote imekwanguliwa na meno. Hapohapo alichukua koleo akaitoa ndobo ya mbele, akasema mbili zinapeana nguvu ya kung'oka, ya nyuma peke yake inashika zaidi. Ile sijajua bado kama ni bongo ao ni kweli. Oktoba narudi.