Oili kwenye bomba la turbo
Katika gereji nyingi za Lubumbashi, bomba la hewa la lori likifunguliwa na kukutwa na oili, hukumu ni moja: turbo, yaani pampu inayosukumia injini hewa, imekufa, tafuta nyingine. Mara nyingi turbo haina kosa.

Injini ya dizeli hupumua. Gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni hadi kwenye karteri (sehemu ya chini ya injini yenye oili), hubeba ukungu wa oili, na katika injini nyingi mrija wa kupumulia huirudisha kwenye njia ya hewa kabla ya turbo. Utando mwembamba ndani ya bomba, basi, ni kawaida. Futa, funga.

Dimbwi ni habari nyingine. Hata hapo anza na vya bei nafuu: filta ya hewa iliyozibwa na vumbi jekundu la kiangazi, mrija wa kupumulia ulioziba, au bomba la kurudisha oili lililobanwa. Kisha, injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika shafti ya turbo kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni si kitu. Mapanga yakigusa ganda, hapo kweli imekwisha.

Ila dimbwi usiliache humo: injini inaweza kulichoma kama mafuta yake na kupanda kasi yenyewe, hata ukizima ufunguo.