Mlipuko wa Damu ya Hakkar: ugonjwa wa kwenye gemu unaotufunza kuuliza swali sahihi

Ugonjwa unapolipuka mahali, swali linalowahi mitaani ni nani kauleta. Atatajwa mgeni aliyeshuka na basi juzi, atatajwa jirani mwenye kijicho, watatajwa wakubwa wenye jambo lao. Sisi tunaofuatilia milipuko tunatamani swali jingine litangulie: unapita njia gani kutoka kwa huyu kwenda kwa yule? Mfano unaoeleza vizuri tofauti ya maswali hayo mawili umetokea ndani ya gemu ya kompyuta, na wataalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, wameuchukulia kwa uzito kamili.

Gemu yenyewe ni World of Warcraft, ulimwengu wa kubuni ambamo watu wengi hucheza pamoja kwa intaneti, huyu akiwa mwindaji, yule kuhani, mwingine mchawi. Humo madhara yanayompata mtu mwilini yana mafungu manne: ugonjwa, sumu, laana na uchawi. Kila fungu lina watu wake wa kuliondoa. Kuhani anaondoa ugonjwa, ila ukipigwa laana utafute mwingine. Msomaji wa kwetu hatashangaa. Wapo wengi ambao kabla ya kwenda zahanati hujiuliza kwanza kama hili ni la hospitali au lina mkono wa mtu.

Mwezi Septemba 2005 kampuni ya Blizzard, wenye gemu hiyo, walifungua eneo jipya liitwalo Zul'Gurub. Adui mkuu wa huko alikuwa Hakkar, mungu wa damu, aliyewatia wachezaji ugonjwa unaonyonya uhai kila baada ya sekunde chache na kumrukia yeyote aliyesimama karibu. Wachezaji wa ngazi za juu waliweza kuustahimili. Ilikusudiwa uishie humo humo.

Ulitoka kwa mgongo wa wanyama. Mwindaji katika gemu hii ana mnyama anayepigana pamoja naye, na anaweza kumwondoa uwanjani kisha kumwita tena akiwa popote. Mnyama aliyeondolewa akiwa mgonjwa alibaki na ugonjwa wake vilevile. Mwindaji anarudi mjini, anamwita, na ugonjwa unaendelea pale ulipoachia, sasa katikati ya umati. Ndani ya miji kulikuwa na wauza duka na walinzi wanaoendeshwa na kompyuta. Hao waliambukizwa lakini hawakufa wala kuonyesha dalili, na kila mteja aliyesogea dukani aliondoka nao. Wachezaji wa ngazi za chini walikufa karibu papo hapo, na mitaa ya miji mikubwa kama Ironforge na Orgrimmar ikajaa mifupa.

Angalia sasa: aliyeuleta alijulikana. Ni Hakkar, na jina lake halikuwa siri. Kulijua hakukumwokoa mtu hata mmoja, maana kilichoua mjini kilikuwa mnyama asiyeshukiwa na muuza duka aliyeonekana mzima.

Watu nao walifanya yale tunayoyaona katika milipuko ya kweli. Wengine walikimbilia mashambani. Wengine waliingia mjini makusudi ili waone tu, wakaondoka wameambukizwa. Wachache walisambaza kwa hiari yao. Waliokuwa na uwezo wa kuponya walijitolea, na hili linaniuma kulisema: huenda walirefusha mlipuko, kwa kuwa waliwaweka hai wagonjwa walioendelea kuambukiza, na wao wenyewe wakaubeba kwenda sehemu nyingine. Blizzard walijaribu karantini ya hiari ikashindikana. Mwishowe walizima na kuanzisha upya mitambo, na wakabadilisha gemu ili wanyama wasiweze kuushika ugonjwa huo. Waliifunga njia.

Mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika juu ya tukio hili katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, na Ran Balicer katika jarida la Epidemiology. Hoja yao ni kwamba hesabu za kukadiria milipuko mara nyingi hushindwa kubashiri tabia za watu, na hapa tabia zilijionyesha zenyewe. Ni kweli kwamba mchezaji akifa anafufuka, hivyo ujasiri wake si wa mtu mwenye roho moja. Lakini anayekwenda "kuona tu" yupo kila mahali.

Ninalolitilia mkazo zaidi ni lile swali la nani kauleta, kwa sababu lina gharama. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walifariki. Uvumi kwamba ugonjwa umeletwa na watu wa nje, au ni mbinu ya watu kujipatia fedha, ulizidisha kutoaminiana. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya juma moja. Kituo kikifungwa, mgonjwa anabaki nyumbani, na anayemuuguza na kumwosha akifariki ndiye anayefuata.

Kwetu muuza duka asiye na dalili anapatikana kwenye kipindupindu. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa, au wanaumwa kidogo tu, lakini vimelea hutoka katika kinyesi chao kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo akiugua mmoja nyumbani, chemsheni maji ya wote au yatieni dawa, nawe uliye mzima unawe kwa sabuni kila utokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Mgonjwa apewe maji ya chumvichumvi, yaani ORS, tangu kuhara kunapoanza, na aendelee kunywa njiani mnapompeleka kituoni.