Toleo la chini kabisa la intapreta: maana yake na namna ya kulichagua

Intapreta ni programu inayosoma msimbo na kuutekeleza. Ukiandika maktaba (msimbo ulioandaliwa ili programu nyingine ziutumie) kwa lugha ya Python, itaendeshwa na intapreta iliyomo kwenye kompyuta ya mtumiaji, wala si ile uliyoizoea wewe. Ndiyo maana kila mradi hutaja toleo la chini kabisa unalolikubali.

Kulitaja ni kuahidi. Anayesema "Python 3.10 na kuendelea" anasema amejaribu msimbo wake tangu toleo hilo, na kwamba hitilafu ikitokea huko ataishughulikia. Usichokijaribu usikiahidi.

Ahadi hiyo ina gharama. Muundo wa match, unaolinganisha thamani na violezo, ulianza na 3.10, mwaka 2021. Mradi unaobeba bado 3.9 hauwezi kuutumia, kwani intapreta ya zamani ikiukuta huona kosa la sarufi na kulikataa faili zima.

Kipimo ninachokiamini ni kalenda ya watunzaji wa lugha yenyewe. Siku hizi Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo huzibiwa matundu ya usalama kwa takriban miaka 5. Toleo la 3.8, lililotoka 2019, lilifikia mwisho wake Oktoba 2024. Kuendelea kulibeba ni kumzoesha mtumiaji kukaa na matundu yasiyozibwa. (Wapo wanaotumia mifumo ya Linux inayotunzwa kwa muda mrefu, ambayo watoaji wake huiziba matundu wenyewe; hao wana sababu ya kuomba wasubiriwe.) Miradi ya kisayansi huenda kasi zaidi: mwongozo wa 2019 wa NumPy, maktaba ya hesabu za kisayansi, ulitaja kulibeba kila toleo kwa miezi 42.

Kuacha toleo la zamani hakumwachi mtu njiani, ilimradi useme. Ukiandika kiwango kipya kwenye mstari wa requires-python ndani ya pyproject.toml, faili la maelezo ya mradi, basi pip, programu inayosakinisha maktaba za Python, hukisoma na kumpa mwenye intapreta ya zamani toleo la mwisho la maktaba linalomfaa. Ukisahau mstari huo, atapakua msimbo mpya na utamkatikia kazini.

Kikomo cha juu, yaani toleo la juu kabisa la intapreta unaloliruhusu, ni jambo jingine, na kwa maktaba nashauri usikiweke kwa kubahatisha. Intapreta mpya ikitoka, pip itaruka toleo lako lenye kikomo, irudi nyuma hadi ikute la kale lisilo nacho, na kusakinisha hilo, ambalo hukulijaribu kabisa na intapreta hiyo.