Seneta wa watu wasio na kura: dhana potofu kuhusu James Gladstone

Habari za James Gladstone zikitafsiriwa kwa pupa, msomaji wa Kiswahili huambiwa kwamba mwaka 1958 Kanada ilipata "seneta wa kwanza Mhindi". Akili inakimbilia Gujarat na maduka ya nguo mitaani kwetu. Gladstone hakuwa na uhusiano wowote na Bara Hindi. Alikuwa mtu wa Wakainai, mojawapo ya mataifa ya Wablackfoot, wenyeji wa nyanda za kusini mwa jimbo la Alberta. Neno "Mhindi" limeingia kwa sababu sheria ya Kanada ya mwaka 1876, ambayo mpaka leo ipo, inawaita hivyo wenyeji wa asili walioandikishwa na serikali. Hata "Wahindi Wekundu" ya vitabu vyetu vya zamani tuiache. Watu hawa wana majina yao. Yeye mwenyewe kwa Kiblackfoot aliitwa Akay-na-muka, maana yake Bunduki Nyingi.

Dhana: Alizaliwa Mkainai halisi, damu moja.

Alizaliwa 21 Mei 1887 akiwa na asili ya Wacree, taifa jingine la wenyeji, na Wazungu, akalelewa na babu na bibi yake. Babu huyo alikuwa fundi seremala wa Kampuni ya Hudson's Bay, kampuni ya biashara ya manyoya, na jina la Gladstone limetoka kwake, si kwa yule Gladstone aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza katika karne ile. Kijana alisoma shule ya misheni ya Kianglikana kati ya Wakainai, kisha akapelekwa Calgary kujifunza uchapaji. Alikuwa mkalimani wa polisi wa farasi, akabeba barua, akafuga ng'ombe na kulima. Mwaka 1911 alimwoa Janie Healy, binti wa Kikainai, na mwaka 1920 akapokelewa rasmi kuwa mmoja wao. Yaani hadhi ya mwenyeji aliyeandikishwa, ambayo wengine walikuwa wakishawishiwa waitupe, yeye aliipata ukubwani, akaishika mpaka kufa.

Dhana: Ndiye mwenyeji wa asili wa kwanza kuingia Seneti.

Hii imeandikwa mahali pengi, na inakosea kwa neno moja. Richard Hardisty, mwenye asili ya Wametis, watu waliotokana na mchanganyiko wa wenyeji na Wazungu, aliteuliwa mwaka 1888. Gladstone alikuwa wa kwanza mwenye hadhi ya kisheria chini ya ile sheria ya mwaka 1876, iitwayo Sheria ya Wahindi. Tofauti hiyo si ya kuchezea maneno. Mtu mwenye hadhi hiyo aliishi chini ya sheria yake peke yake. Kati ya mwaka 1927 na 1951, kwa mfano, ilikuwa kosa kuchangisha au kutoa fedha za kuendeshea madai ya ardhi ya wenyeji bila ruhusa ya serikali. Mtu anadhulumiwa shamba, kisha anakatazwa kuchangisha fedha za wakili.

Dhana: Watu wake walimchagua.

Msomaji wa Kenya, aliyezoea kupanga foleni kumchagua seneta wa kaunti yake, ana haki ya kudhani hivyo. Maseneta wa Kanada hawachaguliwi. Gavana Mkuu huwateua kwa ushauri wa waziri mkuu. Gladstone aliteuliwa 31 Januari 1958 na serikali ya waziri mkuu John Diefenbaker, akiwa na miaka 70. Siku zile uteuzi ulikuwa wa maisha; ukomo wa miaka 75 ulikuja mwaka 1965, na haukuwagusa waliokuwa wamekwisha kuingia.

Lakini hata kama viti vya Seneti vingepigiwa kura, Wakainai wasingempigia. Hili ndilo jambo linaloniuma kila ninaposoma maisha yake. Mwaka 1958 mwenyeji aliyeandikishwa, akiishi kwenye hifadhi, yaani ardhi iliyotengewa watu wake, hakuruhusiwa kupiga kura ya shirikisho, yaani ya bunge la nchi nzima, isipokuwa awe amepigana vitani, au akubali kutia saini ya kuachia msamaha wa kodi, au akane hadhi yake kabisa. Kanada ilimweka mzee huyu katika chumba cha juu cha bunge, kutunga sheria, huku jamaa zake nyumbani wakihesabiwa kama watoto wadogo wa serikali.

Dhana: Diefenbaker alimteua ili avune kura za wenyeji.

Wenye shaka wana hoja moja nzito: tarehe. Bunge lilivunjwa 1 Februari, kesho yake tu, na uchaguzi ukafanyika 31 Machi. Ila kura gani za wenyeji, ilhali wengi wao hawakuwa nazo? Diefenbaker alishinda viti 208 kati ya 265, na ushindi huo haukutoka kwenye hifadhi. Kwamba uteuzi ulimpendezesha mbele ya wapiga kura wengine, hilo linawezekana. Lakini Gladstone hakuokotwa njiani kuwa pambo. Alikuwa ameongoza Jumuiya ya Wahindi ya Alberta na kwenda Ottawa kudai sheria irekebishwe, miaka mingi kabla ya kiti hicho.

Dhana: Gladstone ndiye aliyewaletea kura.

Wanaompenda humbebesha sifa hii, nami naelewa kwa nini. Sheria ya mwaka 1960, iliyowapa wenyeji walioandikishwa kura ya shirikisho na kuanza kutumika 1 Julai, ilikuwa ya serikali ya Diefenbaker, na nyuma yake kulikuwa na madai ya muda mrefu, yakiwemo ya askari waliorudi vitani. Mchango wa Gladstone ulikuwa wa kazi ya kila siku: alikuwa mwenyekiti mwenza wa kamati ya pamoja ya Seneti na Baraza la Wawakilishi iliyochunguza mambo ya wenyeji tangu mwaka 1959 hadi 1961, akisikiliza malalamiko ya elimu, ardhi na mikataba.

Tena si wenyeji wote waliopokea kura kwa vigelegele. Wengi waliogopa. Kwa miongo mingi kura ilikuwa chambo: ichukue, upoteze hadhi na haki za mkataba. Aliyewahi kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Uzito wa sheria ya 1960 ni kwamba kwa mara ya kwanza wenyeji wote walioandikishwa walipewa kura bila kudaiwa kitu chochote kwa kubadilishana.

Dhana: Mwenyeji kuwa mhafidhina ni usaliti.

Kwanza, chama cha Diefenbaker kiliitwa Wahafidhina wa Maendeleo. Chama cha Wahafidhina cha leo kilizaliwa mwaka 2003 kwa muungano. Pili, Gladstone alikaa kama mhafidhina huru. Tatu, tuulize alichotaka kuhifadhi: mkataba wa mwaka 1877 kati ya Wablackfoot na Taji la Uingereza, ardhi, lugha. Kwa mtu wa hifadhi, kushikilia ahadi ya zamani ndiyo siasa yenyewe. Waliotaka kuifuta Sheria ya Wahindi na hadhi yote kwa kalamu moja, mwaka 1969, walikuwa serikali ya Waliberali ya Pierre Trudeau, na upinzani mkali ulitoka katika jumuiya ileile ya Alberta aliyowahi kuiongoza Gladstone.

Hotuba yake ya kwanza inatosha kunishawishi. Alisema maneno machache kwa Kiblackfoot, ili lugha ya watu wake iwekwe katika kumbukumbu rasmi za bunge, heshima kwa Wakanada wa kwanza. Hii ilikuwa zama ambazo shule za bweni za serikali na kanisa ziliwaadhibu watoto wa wenyeji kwa kusema lugha za mama zao.

Dhana: Baada ya 1960 mambo yalikwisha.

Kura ile ilikuwa ya shirikisho tu. Alberta, jimbo ambalo Gladstone aliliwakilisha katika Seneti, haikuwapa wenyeji walioandikishwa kura ya jimbo mpaka mwaka 1965. Quebec ilingoja hadi 1969. Gladstone aliondoka Seneti mwaka 1971 na kufariki Septemba ya mwaka huohuo. Mwaka 2017, Kanada ilipotimiza miaka 150, Benki Kuu ilitoa noti ya dola 10 yenye sura nne. Moja ni ya John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza, ambaye serikali yake iliasisi shule za bweni za wenyeji. Kwenye karatasi hiyohiyo yumo Akay-na-muka.